Kiti Mwendo cha Bei Nafuu: Unafuu Wake Hupimwaje?

Kila mara kiongozi au mfadhili anapopigwa picha akikabidhi viti mwendo, mabishano yaleyale huzuka upya. Wapo wanaouliza kwa nini nchi yenye fundi wa kuchomelea mageti karibu kila mtaa iendelee kuagiza viti kutoka ng'ambo, na wapo wanaojibu kwamba kiti cha kupewa hakina kasoro ya kujadiliwa, kwa kuwa aliyekuwa akitambaa jana leo ameketi. Habari za kijana aliyeunda kiti kwa vyuma chakavu zinapovuma, upande wa kwanza hupata nguvu. Kontena la viti vipya vinavyong'aa linapofunguliwa, upande wa pili hushinda. Pande zote mbili, hata hivyo, huzungumza kana kwamba kiti mwendo ni bidhaa moja inayojulikana, kama mfuko wa saruji, na kwamba kilichobaki ni kuamua nani aitengeneze na nani ailipie. Sivyo. Sehemu kubwa ya gharama ya kiti, pamoja na uwezekano wa kukitengeneza hapa kwetu, huamuliwa na msanifu kwenye karatasi kabla bomba la kwanza halijakatwa, na ndiyo maana inafaa kuanza na usanifu kabla ya kuingia katika siasa za msaada na uzalendo wa viwanda.

Tuanze na maana za maneno. Kiti mwendo, au kiti cha magurudumu kama wanavyosema wengi nchini Kenya, ni chombo cha kutembelea na papo hapo ni chombo cha kukalia kwa saa nyingi, na kazi hizi mbili hazipatani kirahisi. Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo hukadiria kuwa watu wapatao milioni 80 ulimwenguni wanahitaji kiti mwendo, lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti vinavyoendeshwa kwa mikono katika mazingira yenye rasilimali chache. Mwongozo huo unaeleza kiti kinachofaa kuwa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mtumiaji na mazingira yake, kinachomkaa sawasawa na kuushikilia mwili wake, kilicho salama na cha kudumu, na ambacho kinaweza kupatikana na kufanyiwa matengenezo nchini humo kwa gharama inayobebeka. Kwa hiyo bei nafuu si bei ya siku ya kununua pekee. Na tunaposema kiti kimetengenezwa nchini, tunaweza kuwa na maana ya karakana inayokata na kukunja mabomba yenyewe, au kituo kinachounganisha sehemu zilizotoka kiwandani kwingine, au fundi anayekirekebisha kiti ili kimfae mtu fulani na kukihudumia kinapoharibika. Watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima wakiwa na maana tofauti vichwani mwao.

Kiti kilichozaliwa kwa ajili ya sakafu

Kiti ambacho wengi wetu tunakifahamu, chenye kitambaa cha kukalia na vyuma viwili vilivyopishana chini yake mfano wa herufi X, asili yake ni Marekani. Mwaka 1933 mhandisi Harry Jennings alimuundia rafiki yake Herbert Everest, aliyekuwa amevunjika mgongo katika ajali ya mgodini, kiti cha mabomba ya chuma kinachoweza kukunjwa na kupakiwa ndani ya gari. Lilikuwa wazo zuri, na hadi leo kukunjika ni sifa inayomwokoa mtu anayesafiri kwa daladala au matatu. Tatizo ni nakala zake za bei ya chini kabisa, zile zinazoitwa viti vya hospitali. Hizo zina magurudumu ya mbele madogo na membamba, tairi ngumu zisizojazwa upepo, na kitambaa kinacholegea kadiri siku zinavyopita, kwa sababu zimekusudiwa kusukumwa na muuguzi kutoka wodini hadi chumba cha eksirei na kurudishwa. Mtu anayepewa kiti cha namna hiyo akaishi nacho kijijini, akikivusha kila siku kwenye mchanga, makorongo ya mvua na vizingiti vya milango, anakuwa amepewa chombo cha kazi nyingine.

Chukua gurudumu la mbele peke yake. Uwezo wa gurudumu kupanda jiwe hutegemea ukubwa wake ukilinganishwa na kimo cha jiwe lenyewe: gurudumu kubwa la nyuma hulipitia kokoto pasipo mtu kuhisi, ilhali gurudumu dogo la mbele hugonga na kusimama. Likisimama ghafla, mwili huendelea mbele, na mtu ambaye misuli ya kiuno chake haina nguvu hana cha kumzuia asianguke kifudifudi. Kwenye mchanga kisa ni kingine lakini chanzo ni kilekile, kwani gurudumu jembamba hukata na kuzama badala ya kuelea juu, na kadiri uzito unavyoegemea mbele ndivyo linavyochimba zaidi.

Aliyelifanyia kazi tatizo hili kwa muda mrefu ni Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyeanza kutumia kiti mwendo baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wanaotumia kiti kimoja kwa kupokezana na kukitengeneza wenyewe kila kilipovunjika, na kutokana na kufanya nao kazi akatambua kwamba waliojua kiti kinavunjikia wapi ni wale waliokaa juu yake. Baadaye alishiriki kuanzisha Whirlwind Wheelchair International katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, ambayo michoro yake iliachwa wazi ili karakana yoyote iitumie. Kiti chake kijulikanacho zaidi, RoughRider, kimesogeza magurudumu ya mbele mbali zaidi na mkaaji ili kiti kiwe na msingi mrefu na kisipinduke kirahisi mbele, na magurudumu hayo ni ya mpira mpana na laini, yanayoitwa magurudumu ya Zimbabwe. Hakuna muujiza wa kiteknolojia hapo. Ni umbali kati ya ekseli mbili na upana wa kipande cha mpira, vitu ambavyo karakana ndogo inavimudu.

Lakini kila kinachoongezwa kina malipo yake. Kiti kirefu hakigeuki vizuri ndani ya choo chembamba, na mtu anayeishi katika chumba kimoja mjini anaweza kupendelea kiti kifupi hata kama kinamtikisa njiani. Vivyo hivyo, ekseli ya nyuma ikisogezwa mbele kidogo, uzito mwingi huangukia magurudumu makubwa na kiti huwa chepesi kusukuma na kupandisha ukingoni, ila pia huwa rahisi kukiangusha kinyumenyume. Ndiyo maana viti vizuri vina matundu kadhaa ya kufungia ekseli, ili anayejifunza aanze na tundu la nyuma lenye usalama na kusogea mbele anapopata uzoefu. Tundu la ziada kwenye fremu halina gharama ya kutaja, lakini ni nadra kulikuta katika viti vya hospitali.

Gurudumu la baiskeli linapokataa kuwa gurudumu la kiti

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kiti cha bei nafuu ni fremu yoyote iliyofungwa magurudumu ya baiskeli. Dhana hii ina ukweli ndani yake, kwa sababu vipuri vya baiskeli hupatikana hadi kwenye magulio, na mafundi wake wako kila mahali. Ila kuna tofauti moja ambayo huvunja viti vingi vya majaribio. Gurudumu la baiskeli hukaa katikati ya uma, ekseli yake ikiwa imeshikwa pande zote mbili. Gurudumu la nyuma la kiti mwendo cha kawaida hushikwa upande mmoja tu, wa ndani, kwa kuwa upande wa nje lazima ubaki wazi kwa ajili ya mikono na ringi ya kusukumia. Ndoo ya maji iliyoning'inizwa katikati ya mti unaobebwa na watu wawili haimchoshi yeyote, lakini ndoo hiyohiyo ikishikwa na mtu mmoja aliyeunyoosha mkono wake pembeni, bega husalimu amri mapema. Bega katika mfano huu ni ekseli ya baiskeli: ni nyembamba, imekatwa nyuzi za kufungia nati kwa urefu wake wote, na ufa huanzia kwenye nyuzi hizo. Hupinda kwanza, gurudumu likaanza kuyumba na kusugua fremu, kisha siku moja hukatika bila taarifa.

Wasanifu wametoka katika mtego huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza bomba upande wa nje wa gurudumu ili ekseli ishikwe kama kwenye baiskeli. Inafanya kazi, na ndiyo inayotumika katika baiskeli nyingi za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu, ila kiti kinapanuka, na kila sentimita inayoongezwa nje inapunguza idadi ya milango kinayoweza kupita. Njia ya pili ni kutengeneza habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye ekseli nene na beringi zilizofungwa, za aina inayouzwa katika maduka ya vipuri vya pikipiki na mashine ndogo, huku spoki, ringi, tairi na tyubu vikibaki vya baiskeli. Habu hiyo huhitaji mashine ya kukerezea chuma, jambo linalomaanisha kwamba karakana iwe na mashine hiyo au impelekee mwenye nayo. Hapa ndipo mtu anapoweza kutofautisha kiti kilichosanifiwa na kiti kilichobahatishwa: inua upande mmoja, shika gurudumu juu na chini, ulitikise, kisha uangalie kama ekseli imetoka dukani ikiwa ya baiskeli.

Tairi nalo lina hila yake. Tairi la viti vingi vinavyoagizwa na tairi la baiskeli ndogo yote huandikwa inchi 24, na kwa hiyo mnunuzi wa ofisini huamini kuwa yanabadilishana. Hayabadilishani. Mahali tairi linapokalia, ringi ya kiti ina kipenyo cha milimita 540, ilhali ile ya baiskeli ndogo yenye tairi pana ina milimita 507, na kwa tofauti hiyo ya milimita 33 fundi wa baiskeli atahangaika mchana kutwa bila mafanikio. Namba hizo huchapwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa herufi ndogo. Kiti kilichofika kwa meli kikiwa na ringi ya 540, mahali ambapo hakuna duka lenye tairi hilo, kina uhai wa tairi moja. Baada ya hapo mwenye kiti hutembelea ringi tupu, au hufunga kipande cha mpira wa gari kwa waya, na wenye kupita husema kwamba watu wetu hawajui kutunza vitu.

Tairi ngumu zisizopata pancha huonekana kuwa suluhisho, na mahali penye miiba mingi zina haki yake. Hata hivyo huwa nzito zaidi, hupitisha kila mtikisiko hadi kwenye fremu na mgongo wa mkaaji, na zile nyembamba huzama mchangani. Tairi la upepo nalo lina sharti lake lisilotajwa mara nyingi: breki za kiti hubana tairi lenyewe, hivyo tairi likipungua upepo breki hazishiki, na mtu anayejihamisha kutoka kitini kwenda kitandani anaweza kuachwa sakafuni kiti kikirudi nyuma. Pampu ya baiskeli, kwa maana hiyo, ni kifaa cha usalama.

Chuma, geji na uzito

Kuhusu fremu, swali la kawaida ni kwa nini viti vya nje ni vyepesi na vyetu ni vizito. Viti vingi vyepesi hutumia alumini au aloi za chuma zenye nguvu. Alumini ni nzuri hadi inapopasuka, kwani kuichomelea kunahitaji mashine, gesi na ujuzi ambao fundi wa kijijini hana, wakati bomba la chuma cha kawaida linaweza kuchomelewa popote palipo na umeme na elektrodi. Kwa hiyo msanifu anayelenga matengenezo ya nyumbani huchagua chuma kwa makusudi, akikubali kilo chache za ziada. Hilo halimaanishi kwamba kiti kizito ndicho imara, dhana nyingine iliyokomaa mitaani. Fundi asiye na uhakika huongeza vyuma vya kuimarisha kila kona, na mtumiaji ndiye anayelipia kila kilo kwa mabega yake, kwa miaka. Uimara hutokana zaidi na bomba kukunjwa mahali pamoja badala ya kukatwa na kuchomelewa vipande viwili, na kuepuka kuweka kiungo cha kuchomelea pale mzigo unapokuwa mkubwa.

Unene wa bomba ni jambo la kufuatiliwa dukani. Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6 na unene wake hutajwa kwa geji, ambapo namba ikiwa kubwa bomba huwa jembamba: geji 16 ni takriban milimita 1.6, na geji 18 ni takriban milimita 1.2. Kwa macho hazitofautiani kirahisi, hasa bomba likiwa limepakwa rangi, na karakana inayonunua kwa rejareja huweza kuuziwa moja kwa jina la nyingine. Fundi makini hukata ncha na kuipima kwa kalipa kabla ya kulipa.

Kitu kingine kinachotenganisha karakana ya viti na karakana ya mageti ni kalibu, yaani fremu nzito ya chuma inayoyashikilia mabomba mahali pake wakati wa kuchomelea. Chuma hujivuta kinapopoa. Geti likivutika milimita tano, hakuna anayejua. Kiti kikivutika kiasi hicho, gurudumu moja la mbele halitagusa ardhi na kiti kitavutia upande mmoja, mkaaji akilazimika kusukuma mkono mmoja zaidi ya mwingine safari nzima. Kalibu ni ghali kutengeneza na hulipa tu ikiwa kiti kilekile kitatengenezwa mara nyingi, jambo linaloeleza kwa nini ubunifu wa kiti kimoja unaoonyeshwa kwenye maonyesho, hata uwe wa kusifiwa namna gani, bado uko mbali na uzalishaji.

Vipo viwango vya kimataifa vya kupima uimara, vinavyojulikana kama ISO 7176. Katika jaribio mojawapo kiti chenye mzigo huzungushwa juu ya mapipa yenye vigingi kwa mizunguko 200,000, na katika jingine huangushwa mara 6,666 kutoka kimo cha sentimita 5. Kiti kinachofaulu si cha kubezwa. Ila mashine hizo hufanya kazi ndani ya maabara kavu, na wataalamu wamekuwa wakieleza kwamba hazina vumbi, kutu wala maji ya chumvi, mambo ambayo beringi ya kiti cha mkazi wa Lamu au Kilwa hukutana nayo kila siku.

Mwili unaokaa juu yake

Hadi hapa tumezungumzia chuma, na ni rahisi kudhani kwamba kiti kinachotembea vizuri kimekamilika. Watu waliovunjika uti wa mgongo, na watoto waliozaliwa na mgongo wazi, mara nyingi hawana hisia makalioni. Mtu mwenye hisia hujisogeza bila kufikiri anapokaa kwenye benchi gumu. Asiye na hisia hukaa palepale hadi damu inapoacha kufika kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kiti, na kidonda huanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Vidonda vya mgandamizo huua watu, kwa sababu huingiwa na vijidudu na hufika mfupani. Kiti kilichotolewa bila mto unaofaa kinaweza kumpa mtu mwendo leo na kumlaza hospitalini baada ya miezi michache, na kwa maoni yangu hili ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza katika kila hafla ya kugawa viti, kabla hata ya idadi.

Mto mzuri hauhitaji kiwanda. Huchongwa kwa sponji ngumu, ukiwa na bonde sehemu ya nyuma linalopokea mifupa miwili ya kukalia ili mzigo uhamie mapajani, juu yake tabaka laini, na kifuniko kisichopitisha maji. Kipimo chake pia hakihitaji umeme. Katika mafunzo ya WHO, mtoa huduma huingiza ncha za vidole vyake chini ya mfupa wa kukalia, mtu akiwa ameketi kitini. Vidole vikiweza kuchezacheza juu na chini kwa milimita 5 au zaidi, mgandamizo ni salama. Visipoweza kuchezacheza lakini vikatoka kirahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa kabisa, kuvitoa kukawa kwa shida, mto huo haufai na mtu huyo asiondoke nao. Pande zote mbili hupimwa, kwa sababu mtu aliyeegemea upande mmoja anaweza kuwa salama kulia na hatarini kushoto.

Vipimo vya kiti chenyewe hufuata mwili. Upana wa kukalia unatakiwa uwe sawa na nyonga za mtu, na kina chake kiache nafasi ya sentimita chache tu nyuma ya magoti. Mtoto akiwekwa katika kiti cha mtu mzima huinamia upande mmoja ili apate pa kuegemea, na uti wa mgongo unaokua katika mwinamo huo hukomaa nao. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hali ni nzito zaidi, kwani bila pedi za kushikilia kiuno, kifua na wakati mwingine kichwa, hata kumeza chakula kunakuwa na hatari. Kiti cha saizi moja kwa wote, kwa hiyo, ni nafuu kwa mnunuzi wa jumla peke yake.

Hoja hii ndiyo iliyozunguka kiti kilichobuniwa na Don Schoendorfer, mhandisi wa Marekani aliyeanzisha Free Wheelchair Mission mwaka 2001. Kiti chake cha kwanza kilikuwa kile kiti cheupe cha plastiki tunachokikalia harusini na misibani, kikafungwa kwenye fremu ya chuma yenye magurudumu ya baiskeli. Kilikuwa cha bei ya chini mno na kiliwatoa watu wengi sana sakafuni, nami sioni haki ya kulidharau jambo hilo. Wakosoaji walieleza, nao walikuwa sahihi, kwamba plastiki ile haikurekebishika kwa mwili wa mtu, na shirika lenyewe baadaye likatoa matoleo yenye saizi tofauti na sehemu zinazorekebishwa.

Karakana, kontena na njia ya kati

Sasa turudi kwenye swali la nani atengeneze. Katika miaka ya 1980 na 1990 tumaini kubwa lilikuwa kwenye karakana ndogo. Afrika Mashariki ilipata mifano ya kujivunia: APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana za viti na baiskeli za magurudumu matatu, na mjini Kampala kikundi cha MADE kiliundwa na wanawake wenye ulemavu wanaochomelea viti wenyewe. Nchini Uingereza shirika la Motivation lilianzishwa mwaka 1991, likaanza kwa kusaidia karakana za namna hiyo katika nchi mbalimbali.

Karakana hizo zilikutana na ukuta wa hesabu. Zinanunua bomba sita kwa rejareja pale kiwanda kinaponunua tani. Ushuru unaposamehewa kwa kiti kilichokamilika lakini si kwa bomba na beringi, zinaanza mashindano zikiwa nyuma. Na wateja wao wengi hawana fedha, hivyo mnunuzi halisi ni serikali au mfadhili, anayekuja na oda kubwa mara moja kisha akanyamaza mwaka mzima. Linapofika kontena la viti vya bure, hata oda hiyo hupotea. Msaada huo huja kwa nia njema, lakini karakana iliyofungwa ndiyo iliyokuwa na fundi, kalibu na akiba ya vipuri, na vyote huondoka pamoja.

Waanzilishi wa harakati hii wenyewe walibadili mwelekeo. Whirlwind ilihamishia sehemu ya uzalishaji wa RoughRider katika kiwanda nchini Vietnam, na Motivation ikaingia katika viti vinavyotengenezwa kiwandani kwa wingi, vikasafirishwa vikiwa vimefunguliwa na kupangwa bapa, kisha vikaunganishwa na kurekebishwa nchini vinakotumika. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa usaliti wa wazo la awali. Mimi nauona kuwa utambuzi wa mgawanyo wa kazi: kukunja bomba elfu moja zilizo sawa ni kazi ambayo kiwanda huifanya vizuri na kwa bei ndogo, lakini kiwanda hakiwezi kuingiza vidole chini ya mfupa wa mtu aliyeko Singida, wala kumfundisha kuteremka ukingoni. Kazi hiyo ya pili ina taaluma yake, na Tanzania imekuwa sehemu ya kuifundisha, kwani chuo cha TATCOT katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kimetoa mafunzo kwa mafundi wa viti mwendo kutoka nchi kadhaa za Afrika.

Mfano unaoonyesha njia ya kati kwa uzuri ulianzia kwetu. Mwaka 2005 Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti mwendo. Aliona watu wakichagua kati ya kiti cha kawaida, kinachochosha mikono kwenye njia mbovu, na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, inayokwenda mbali lakini haiingii ndani ya nyumba. Yeye na wenzake wakaunda kiti cha magurudumu matatu kinachosukumwa kwa fimbo mbili zilizounganishwa na minyororo ya baiskeli. Mtu akishika fimbo juu, mkono husafiri mbali na nguvu huongezeka, kwa hiyo anapanda mlima. Akishika chini, anakwenda kasi kwenye tambarare. Gia imekuwa mkono wa mtu mwenyewe, na sehemu zinazochakaa ni za baiskeli. Matoleo ya mwanzo yalipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji walisema ni kizito na ni kipana mno kwa matumizi ya ndani, nacho kikapunguzwa kabla ya majaribio yaliyofuata huko Guatemala. Fimbo huchomolewa mtu anapofika nyumbani, na kiti hubaki cha kawaida.

Kinachobaki ni namna ya kununua. Tuseme, kwa mfano tu, kiti kimoja kinauzwa shilingi 250,000 na kinakufa baada ya mwaka kwa kukosa tairi, na kingine kinauzwa shilingi 700,000, kinahitaji matengenezo ya shilingi 40,000 kila mwaka na kinadumu miaka mitano. Cha kwanza kimegharimu 250,000 kwa mwaka. Cha pili, jumla ya 900,000 kwa miaka mitano, kimegharimu 180,000 kwa mwaka, bila kuhesabu kidonda ambacho mto wake umekizuia. Zabuni inayotaja idadi ya viti na bei ya juu pekee itampa ushindi muuzaji wa kwanza kila mara. Zabuni inayotaka saizi zisizopungua tatu, mto kwa kila kiti, ringi inayopokea tairi lililopo kwenye maduka ya baiskeli ya mkoa husika, ekseli inayoweza kukerezwa nchini, na fedha za kumlipa fundi aliyefunzwa ili awapime watu kabla na kuwatembelea baada, itawapa nafasi wauzaji wa aina nyingine, na karakana za nchini zitakuwa na la kusema ndani yake.

Kundi linaloipima zaidi mipango hii ni watoto. Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka sita atakizidi kiti chake kabla hakijachakaa, na mfadhili aliyepiga picha naye hatarudi. Baadhi ya fremu huruhusu kina cha kukalia kuongezwa na sehemu ya kukanyagia kushushwa, jambo linalonunua mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo kiti kinapaswa kurudi karakanani, kibadilishwe beringi na kitambaa, kipimwe upya kwa mtoto mdogo zaidi, na yule wa kwanza apewe kikubwa. Mzunguko huo unahitaji rejista ya nani ana kiti gani, stoo yenye kufuli na mshahara wa mtu mmoja wa kuusimamia, gharama ambazo ni nadra kuziona katika bajeti za ugawaji wa viti.